Kivuli na Mkasi: Studio ya Bakor na Swali la Mipaka ya Picha

Neno picha ni la kuazima. Lilikuja na Mwingereza, na limekaa vizuri katika vinywa vya Waswahili hata aghalabu halishukiwi ugeni. Lakini halikukuta nyumba tupu. Lilikuta sura, na sanamu, na taswira, na lilikuta kivuli, neno ambalo halijaondoka mpaka leo, kwani katika ofisi za Tanzania mwombaji wa kazi bado huambiwa alete nakala kivuli ya cheti chake. Kila moja la maneno haya limebeba hoja. Anayesema kivuli anadai kwamba picha ni kitu kilichodondoka chenyewe kutoka katika mwili, kama kivuli cha mnazi kinavyodondoka mchangani, na kwamba mpigaji hakufanya ila kukizuia kisiondoke pamoja na jua. Anayesema taswira anadai kwamba pana mkono na fikira: mtu amekaa, akawaza, akaunda. Historia ya upigaji picha katika pwani na visiwa vyetu ni historia ya mvutano baina ya hoja hizi mbili, na hakuna mahali mvutano huo ulipoonekana wazi kuliko katika chumba cha giza cha studio moja ya mjini Lamu.

Mvutano wenyewe ulianza mapema. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenziwe Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Naili, alipiga picha mjini Zanzibar kwa vioo na dawa za zama zile. Safari ilipoingia bara, Speke alihofia kwamba joto la kufanya kazi ndani ya kihema kidogo, katikati ya mvuke wa etha na iodini, lingemuua mwenzake. Kamera ikawekwa kando, Grant akashika brashi na rangi za maji. Kwa hiyo nchi za ziwa, lile ziwa ambalo ghuba yake moja inayofika Bunda ingali inaitwa kwa jina la Speke, ziliingia katika macho ya Ulaya kwa michoro, ingawa msafara ulikuwa umeondoka pwani na kamera. Tangu hatua ya kwanza, basi, chombo hiki kilionyesha udhaifu wake: kilihitaji giza, dawa, hema, na mwili wa mtu wa kuvumilia. Kivuli hakikujizuia chenyewe.

Baadaye, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mji wa Zanzibar ulipata studio za kudumu. Wengi wa wenyewe walikuwa Wagoa, na majina ya A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho yamebaki katika migongo ya postikadi zilizotawanyika duniani. Postikadi hizo zilimfanya mkaazi wa kisiwa kuwa namna ya mtu badala ya kuwa mtu: mchukuzi, mwanamke wa Kiswahili, Mwarabu na jambia lake. Jina la aliyesimama mbele ya lenzi halikuandikwa. Lakini katika studio zilezile wenye mji waliingia kwa miguu yao na kwa fedha zao, wakachagua kanzu na joho, wakachagua kiti, wakaamua mkono ukae wapi. Nyuma yao palining'inia kitambaa kilichochorwa nguzo na bustani zisizokuwapo. Karne ya 20 ilipokuja na kina Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na N. V. Parekh wa Mombasa, mteja alizoea kwamba picha yake itaguswa: kovu litafutwa katika picha hasi kwa penseli iliyochongwa sana, shavu litapakwa rangi kwa pamba. Hakuna aliyeita kazi hiyo uwongo. Iliitwa kusafisha, na neno hilohilo lilitumika kwa kuitoa picha katika dawa. Mkono wa fundi ulikuwa ndani ya picha tangu zamani. Kilichokuwa hakijaulizwa ni unaweza kwenda mpaka wapi.

Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa jamii ya Kiislamu. Zipo hadithi zinazowaonya waundaji wa sura za viumbe, kwamba wataambiwa wavitie uhai walivyoviumba, nao hawataweza. Kamera ilipoenea, wanazuoni walitofautiana. Miongoni mwa walioiruhusu alikuwa Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliyeandika risala nzima juu ya jambo hilo. Kiini cha hoja ya waliopita njia hiyo ni kwamba mpigapicha haundi; anazuia kivuli alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, kama kioo kinavyorudisha sura ya anayejitazama. Asiyeunda hana lawama ya muundaji. Wapo walioikataa hoja hii, na wapo wanaoikataa hata leo. Lakini msomaji na aitazame vizuri, kwa sababu ina mlango uliobaki wazi. Ruhusa imesimama juu ya nguzo moja: kwamba mkono wa mtu haukuongeza kitu. Je, mkono ukiongeza? Fundi akichukua kivuli cha huyu na kivuli cha yule, akavikata kwa mkasi na kuvifanya kivuli cha tatu ambacho jua halijakiona, amezuia au ameunda?

Huo ndio mlango aliouingia Omar Said Bakor. Alizaliwa Lamu mwaka 1932. Hakusomea upigaji picha popote. Alijifunza kwa kutenda, akawa mpigapicha wa njiani kwa miaka kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akafungua Studio ya Bakor katika mji wake. Kazi iliyomlisha ilikuwa ile iliyowalisha wenzake wote kutoka Kismayu mpaka Mtwara: picha za pasipoti na vitambulisho, picha za arusi, picha za watoto wa chuoni siku ya Idi. Picha ya kitambulisho ndiyo iliyo kali kuliko zote. Inataka uso mmoja, mwili mmoja, macho mbele, ukuta mweupe, na jina moja chini yake. Serikali huiamini kwa sababu inaamini kwamba ni kivuli na si taswira.

Na katika chumba kilekile kilichotoa picha hizo, Bakor alitengeneza nyingine zilizoivunja kila sharti. Alikata watu katika picha zao na kuwapandikiza katika picha nyingine. Sura ilitolewa katika mwili wake na kuwekwa mahali ambapo hakuna sura ya mtu inayoweza kukaa. Watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja walisimamishwa pamoja. Ukubwa na udogo, ambao lenzi huupanga kwa kanuni ya karibu na mbali, yeye aliupanga kwa kanuni ya mapenzi na heshima.

Zana za kazi ya namna hii hazikuwa za ajabu, na inafaa zielezwe, kwa kuwa mjadala wa sanaa hupotea haraka unaposahau meza ya fundi. Njia ya kwanza ni ya mkasi: picha mbili zinachapwa, moja inakatwa kwa uangalifu katika ukingo wa nywele na bega, inagandishwa juu ya nyingine, kisha kazi nzima inapigwa picha upya, na ile picha hasi mpya ndiyo inayochapwa. Mshono hauonekani, au unaonekana kidogo tu kama uzi wa pindo. Njia ya pili ni ya mwanga: sehemu ya karatasi inafunikwa isipate mwanga huku picha hasi ya kwanza ikichapwa, kisha kifuniko kinahamishwa na picha hasi ya pili inachapwa katika nafasi iliyobaki. Zote mbili zinataka subira, mkono usiotetemeka, na karatasi isiyopotezwa ovyo, kwa maana katika mji wa kisiwani kila pakiti ya karatasi ilikuja kwa chombo na kwa gharama.

Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyeuchunguza upigaji picha wa pwani ya Kenya kwa miaka mingi, aliipa studio hii nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 2013. Kabla ya hapo, mwaka 1998, picha za Bakor zilikwisha kutiwa katika kitabu kikubwa cha upigaji picha wa Afrika na Bahari ya Hindi kilichotolewa na Revue Noire mjini Paris. Mwenyewe hakuwahi kukiona. Alifariki mwaka 1993, na wanawe wakaendeleza studio.

Wasomaji wa Ulaya walipozikuta kazi hizi walikuwa na majina tayari ya kuzibandika. Walikumbuka Berlin ya miaka ya 1920, ambako Hannah Höch na wenzake walikata magazeti na kuyageuza silaha ya dhihaka. Wengine wangeweza kwenda nyuma zaidi, kwa Oscar Rejlander, ambaye mwaka 1857 huko Uingereza aliunganisha picha hasi zaidi ya 30 kuwa picha moja yenye mafunzo ya maadili, akashutumiwa na kusifiwa kwa pamoja. Milinganisho hii ina faida moja: inatuonyesha kwamba kuivuka mipaka ya picha ni jambo lenye umri wa karibu sawa na picha yenyewe, si anasa ya watu wa kisasa. Lakini ina hasara pia. Höch alikata ili aseme kwamba dunia imevunjika. Studio ya Lamu ilikata ili iunganishe. Aliyeleta picha ya mpenzi aliye mbali, au ya mzee aliyekwisha kufa, hakutaka kuonyeshwa kuvunjika kwa dunia, kuvunjika alikujua. Alitaka karatasi moja ambamo bahari na kaburi havina nguvu. Kuliita jambo hili jaribio la kisanaa si kosa, mradi tusisahau kwamba lilikuwa pia huduma, na kwamba lilikuwa na bei.

Hapa ndipo penye jibu la swali la sheikh, au walau jibu moja. Picha ya kuungwa haimdanganyi mtu. Anayeona kichwa cha binadamu mahali pasipokaa kichwa hawezi kudhani kwamba jambo hilo lilitokea. Kazi hiyo inatangaza kuundwa kwake. Picha ya pasipoti, kinyume chake, ndiyo inayoweza kumdanganya mtazamaji, kwa kuwa inajidai haikuguswa na mtu, ilhali kovu limefutwa. Kwa kipimo cha ukweli, basi, mkasi ni mkweli kuliko penseli. Kwa kipimo cha kuunda, hata hivyo, swali linabaki zito kama lilivyokuwa, na hapana sababu ya kulipunguza. Jamii iliyozipokea picha hizi ilikuwa na wanaozipenda na wanaojiepusha nazo, mara nyingi katika nyumba moja.

Jirani ya Lamu, jambo kama hilo lilitokea kwa sura nyingine. Kivukoni Likoni, upande wa pili wa Mombasa, katika miaka ya 1990 lilizuka kundi la wapigapicha wenye vibanda vya mbao wazi kwa njia. Wengi walikuwa vijana wa bara. Nyuma ya mteja walitundika vitambaa vilivyochorwa meli, ndege, na majumba marefu, wakapamba kwa maua ya plastiki na karatasi za kumetameta. Kibarua aliyeshuka kwenye feri akiwa amechoka aliweza kusimama dakika mbili mbele ya ndege na kuituma picha kwa mama yake. Mkasi hapa haukuhitajika. Uunganishaji ulifanyika mbele ya lenzi, si nyuma yake. Agosti 1997 machafuko yalipoikumba Likoni, na watu wa bara wakawindwa na kufukuzwa, wapigapicha hao walikuwa miongoni mwa waliolazimika kukimbia. Vitambaa vilivyoahidi safari vilibaki nyuma, na wenyewe wakasafiri kwa namna ambayo hakuna aliyeichora.

Lakini aliyelipeleka swali la mipaka mbali kuliko wote katika nchi za Kiswahili ametoka mbali na bahari. Sammy Baloji alizaliwa mwaka 1978 Lubumbashi, mji ulioasisiwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za kampuni na kikawa lugha ya mji. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitaifishwa na Mobutu katika miaka ya 1966 na 1967, na hatimaye ikaitwa Gécamines. Kisha mitambo ikafa mmoja baada ya mwingine. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, Baloji alipiga picha za rangi za mitambo iliyoachwa: mabomba yenye kutu, vilima vya makapi ya shaba, majengo yasiyo na paa. Juu yake akapandikiza, kwa kompyuta, watu waliokatwa kutoka katika picha za zamani za wakoloni zisizo na rangi: vibarua waliosimamishwa safu, na mabwana waliowasimamisha. Mwaka 2007 kazi hiyo ilituzwa mjini Bamako, katika maonyesho makuu ya upigaji picha wa Afrika. Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwamo mwandishi Patrick Mudekereza, wakaanzisha maonyesho ya kila baada ya miaka miwili mjini Lubumbashi, na jina walilolichagua lilikuwa neno la mjini kwao: Picha.

Mshairi wa Kiswahili akiitazama Mémoire hatapata shida ya kuitambua bahari yake. Ni takhmisi. Katika takhmisi mshairi huchukua beti za mwingine, aghalabu aliyekwisha kufa, na kutunga mishororo yake mitatu kuitangulia miwili ya yule wa kwanza, hata ubeti ukawa wa mitano. Ya zamani haifutwi wala haibadilishwi. Inapewa chumba kipya cha kusimama, na ndani ya chumba hicho inasema jambo ambalo peke yake haikuweza kulisema. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyoifanyia tungo ya Liyongo. Na ni mshairi huyohuyo aliyeutazama mji wa Pate uliokuwa magofu, katika Al-Inkishafi, akaziuliza kumbi tupu wako wapi waliokaa humo. Baloji ameyaunganisha mambo hayo mawili bila ya kuhitaji kuyajua: gofu, na sauti ya waliotangulia iliyorudishwa ndani yake. Tofauti ni kwamba mishororo aliyoichukua haikutungwa na wapenzi. Ilipigwa na wenye mamlaka, ili ihesabu nguvukazi. Kuikata ni kumtoa kibarua katika daftari la bwana na kumrudisha kazini kwake, mbele ya kilichobaki cha jasho lake.

Yupo pia aliyefika mbali kwa kufanya kinyume. Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara mwaka 1963 na kuhamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1974, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda, alirudi na kupiga picha na filamu za majengo matupu: kuta, nyaya, viwanja vya ndege visivyo na abiria. Filamu yake Out of Blue ilionyeshwa mwaka 2002. Yeye hakupandikiza mtu, alimwondoa. Aliyezoea picha kuwa kivuli cha mwili anaulizwa hapa kama kivuli kinaweza kubaki baada ya mwili kufukuzwa.

Katika haya yote liko jambo ambalo si la nadharia. Picha za studio zilitengenezwa kwa macho fulani. Picha ya mwanamke wa Lamu aliyevua buibui mbele ya kamera ilikuwa ya mume, ya ndugu, ya mashoga zake. Ilikaa sandukuni pamoja na udi na leso, na heshima ya mpigapicha ilipimwa kwa kulinda siri hiyo. Hata leo katika arusi nyingi za pwani wanawake hupigwa picha na wanawake, na simu huzuiwa mlangoni. Picha ya namna hiyo ikitoka sandukuni na kuning'inizwa katika ukuta wa makumbusho ya mbali, mpaka mwingine umevukwa, na huo hakuuvuka msanii. Umevukwa na mkusanyaji. Dunia ya sanaa hupenda kushangilia mipaka iliyovunjwa. Ni nadra kuuliza kama kila mpaka ulikuwa ukuta, au kama mwingine ulikuwa pazia la mlango wa mtu.

Kwa upande wa pili, kuziacha picha hasi zioze katika joto na chumvi ya kisiwa si kulinda heshima ya mtu yeyote. Plastiki ya picha hasi hujikunja na kunuka siki, ukungu hula nyuso, mchwa humaliza maboksi. Studio inapofungwa, warithi hujikuta na maelfu ya watu wasiowajua, na hapana sheria wala desturi inayowaambia wawafanyie nini. Njia ya haki imo katikati, na inawezekana: picha zihifadhiwe hapahapa, zisafishwe na kuandikwa majina kwa msaada wa wazee wanaozitambua nyuso, za hadharani zionyeshwe, na za ndani zibaki ndani mpaka wenyewe au watoto wao waseme. Kazi za mkasi za Bakor zinastahili kuwa za kwanza katika kazi hiyo, kwa kuwa ndizo rahisi kutupwa. Mrithi huitunza picha ya babu yake. Picha ya kichwa kilichohamishwa, ambacho hakijulikani ni cha nani, huiona kuwa mchezo.

Na haikuwa mchezo. Leo mtoto mwenye simu anaweza kumhamisha mtu kutoka picha hii kwenda ile kwa kidole, na mashine za akili mnemba zinatengeneza nyuso za watu ambao hawakuzaliwa, zikiwa laini na zisizo na mshono. Hoja ya kivuli, iliyowatuliza wanazuoni na kuzitosheleza serikali kwa zaidi ya karne, imeanguka mbele ya macho ya kila mtu. Wanaoshtuka sasa wangefaidika kujua kwamba katika mji mdogo wa mawe, kabla ya kompyuta, palikuwa na fundi aliyekuwa amekwisha kuivuka njia hiyo kwa mkasi na gundi, mchana akizuia vivuli kwa ajili ya serikali, na baadaye akiviunga upya kwa ajili ya wenye hamu. Wateja wake hawakumuuliza kama picha ile ilitokea. Waliitazama, wakamtambua wanayempenda, wakalipa, wakaenda nayo nyumbani.